Mvinyo wa shambani hauongezi damu

“Daktari, huu ni wa shambani kwa mjomba Dodoma, hauna kemikali. Nikinywa glasi moja kila jioni, damu haitaongezeka?”

Aliniuliza hivyo mama mwenye ujauzito wa miezi mitano, baada ya kipimo kuonyesha damu yake imepungua. Si yeye peke yake mwenye imani hiyo. Msomaji wangu, wiki hii tuangalie kwanza mvinyo huo unavyotengenezwa, ndipo tujibu.

Dodoma ndiyo kitovu cha zabibu nchini, na huvunwa mara mbili kwa mwaka, nyingi zikitoka kwenye mashamba madogo ya familia. Familia inayofuata kilimo hai hutumia samadi badala ya mbolea ya viwandani, na hupalilia kwa jembe badala ya dawa ya magugu. Hata hivyo, salfa huruhusiwa kuzuia ubwiri unga, hivyo shamba hilo nalo hupuliziwa. Faida yake ni ya kweli: mkulima na watoto wake hawashiki sumu kali, na mabaki ya viuatilifu kwenye tunda huwa machache.

Zabibu zikishavunwa hupondwa na kuachwa pamoja na maganda yake. Hamira, iwe ya kuongezwa au ile iliyomo tayari kwenye maganda na vyombo, hula sukari na kutoa kilevi. Wekundu ule hutoka kwenye maganda. Si dalili ya madini ya chuma, ambayo ndiyo mwili unayahitaji kutengeneza damu.

Sukari ikiisha, mvinyo huwa na kilevi cha asilimia 12 hadi 14 hivi. Ni kilevi kilekile cha kwenye bia, na samadi ya shambani haikiondoi. Kwa mjamzito, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kinaweza kudhuru ubongo wake. Kwa anayenyonyesha, huingia kwenye maziwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Kama una pumu, jua pia kwamba mvinyo huwa na salfaiti, hata usipoongezewa, kwani hamira yenyewe huzalisha kiasi. Kwa baadhi ya wagonjwa huamsha shambulio.

Basi damu huongezwaje? Meza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki. Kula maharage, dagaa, nyama na mboga za majani, pamoja na chungwa linalosaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo. Malaria na minyoo zitibiwe.

Kwa wazazi: osheni zabibu kwa maji safi yanayotiririka. Mtoto wa chini ya miaka 5 akatiwe kila punje vipande vinne kwa urefu, maana punje nzima inaweza kumkaba. Juisi ya zabibu ya nyumbani iliyokaa kwenye joto siku mbili tatu ikaanza kutoa povu, msimpe mtoto. Imeshaanza kuwa mvinyo.

Mama yule alicheka, akasema mjomba safari hii alete zabibu, si chupa. Nikamwandikia vidonge vyake.