Mwandishi Asiyemtisha Franco

Fasihi ya zama za udikteta ikitajwa, mawazo hukimbilia waliofungwa na waliokimbia nchi. Liberata Masoliver hakuwa mmoja wao. Alikuwa mhafidhina wa Barcelona, na riwaya zake zilitoka mfululizo katika miaka ya 1950 na 1960, Hispania ikiwa mikononi mwa Jenerali Franco.

Barcelona en llamas (1961) inarudi kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Julai 1936 wanajeshi waliasi. Mjini Barcelona wafanyakazi wenye silaha wakasaidia kuuzima uasi huo, kisha makanisa yakachomwa moto na mapadri wakauawa. Franco aliuteka mji Januari 1939. Masoliver aliyaandika hayo kwa jicho la upande ulioshinda. Walioshindwa nao walikuwa na lao la kusema, lakini hadi 1966 kila mswada ulipitia kwanza kwa wachunguzi wa serikali.

Mada yake nyingine ilikuwa Guinea ya Kihispania, leo Guinea ya Ikweta. Efún ilitoka 1955, La mujer del colonial, yaani mke wa mkoloni, 1962. Katika kisiwa cha Fernando Poo, sasa Bioko, utajiri ulikuwa kakao, na mikono ya kuivuna ililetwa kwa mkataba kutoka Nigeria. Kisheria, Mwafrika asiye na hati ya kutambuliwa kuwa “ameendelea” alihesabiwa kama mtoto, hata awe na mvi na wajukuu. Hata pombe hakuruhusiwa kununua. Mlezi wake, eti, alikuwa ofisi ya serikali. Utaratibu huo ulifutwa 1959, koloni lilipobandikwa jina jipya la mikoa ya Hispania.

Siasa za Masoliver sizipendi, ila vitabu vya namna yake navitaka rafuni. Gavana anapoandika ripoti huchagua maneno, maana anajua itasomwa na wakubwa. Mwandishi anayeliamini koloni hana cha kuficha, kwa kuwa haoni kosa lolote. Kwa hiyo msome kwa ukorofi kidogo: ni nani amepewa jina la ukoo na nani ni boi tu? Nani anakaa barazani, nani anasimama na sinia? Nani anaruhusiwa kuwaza?

Uhuru wa Guinea ulipatikana Oktoba 12, 1968, chini ya Francisco Macías Nguema, aliyegeuka dikteta katili. Baada ya muda mfupi serikali ya Franco ikazifanya habari za Guinea kuwa siri ya dola, na magazeti ya Hispania yakanyamaza.

Wenyeji, hata hivyo, hawakusubiri kuandikiwa. Leoncio Evita alichapisha riwaya yake Cuando los combes luchaban mwaka 1953, miaka miwili kabla ya Efún. María Nsue Angüe akafuata na Ekomo, 1985. Mwenye nafasi aanze na hao wawili, Masoliver baadaye.