Pilipili Haimfundishi Kasuku Kusema

Hapana. Si pilipili kichaa, si pilipili mbuzi, si mbichi, si kavu, si ya alfajiri kabla ndege hajala kitu, wala si ile inayotwangwa na kupakwa ulimini. Nimeulizwa swali hili kwa simu, nimeulizwa kwa ujumbe usiku wa manane, na juzi nimeulizwa harusini, sahani ya biriani ikiwa mkononi. Aliyeniuliza ni mzee wa heshima zake. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akanivuta pembeni, akasema, “Daktari mwanangu, huyu kasuku wangu nimpe ngapi kwa siku?” Kama apewe au asipewe, hilo alikwishaliamua kitambo. Kwangu alitaka kipimo tu.

Basi leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimpe gazeti.

Wanaoamini pilipili wana hoja yao, na niieleze kwa haki. Wanasema kasuku ana ulimi mzito. Pilipili huuchoma, ukichomwa hulegea, ukilegea maneno hutoka. Hoja hii ina hatua tatu na zote tatu ni mbovu.

Kwanza, pilipili haimchomi ndege. Kinachotuchoma sisi ni kemikali iitwayo kapsaisini. Inagusa mlango mdogo ulioko kwenye neva zetu, mlango ule ule unaotuambia chai ni ya moto, ndiyo maana tunahisi tunaungua wakati hakuna moto. David Julius wa Marekani alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 kwa sehemu kubwa kutokana na kuugundua mlango huo. Mwaka 2002 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya kuupima mlango wa aina hiyo wa kuku, wakaona unaitikia joto vizuri kabisa lakini kapsaisini haiutikisi. Hata bila maabara ungeweza kuliona hilo uani kwako. Kuku anadonoa pilipili bustanini mchana kutwa, hatoi chozi, na mpaka leo hajawahi kukuambia habari za asubuhi.

Mmea wenyewe una sababu ya kuwachoma wengine na kumwacha ndege. Panya akila pilipili hutafuna mbegu na kuziua. Ndege wengi wala matunda huzimeza nzima na kuzidondosha mbali zikiwa hai. Watafiti walioichunguza pilipili ya mwituni huko Arizona waliyaandika haya mwaka 2001. Ukali ni wa kumfukuza mnyama mwenye meno, na ndege anakaribishwa. Kwa hiyo mzee wangu anapomwona kasuku anakula pilipili bila kulia, akadhani ni ishara ya ushujaa au ya dawa kuingia, anachokitazama ni ndege anayekula tunda ambalo kwake halina ukali wowote.

Pili, sauti ya kasuku haianzii ulimini. Sisi tunatoa sauti kwenye zoloto, hapa kooni. Ndege ana kiungo kingine kiitwacho sirinksi, kiko chini kabisa ndani ya kifua, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Pilipili iliyopakwa ulimini haifiki huko, na ikifika ujue imeingia njia ya hewa na sasa tuna matatizo mengine. Ulimi una kazi yake, sikatai. Utafiti wa mwaka 2004 kwa aina moja ya kasuku wa Amerika Kusini ulionyesha kwamba ulimi ukisogea kidogo tu, sauti inayotoka inabadilika. Hiyo ni sababu ya kuuacha ulimi mzima, wenye afya na unaonyumbulika. Hakuna fundi anayelainisha mkono wake kwa kuuchoma.

Tatu, kuna suala la tarehe. Pilipili ni mmea wa Amerika. Ilifika Afrika baada ya safari za Columbus, ikiletwa na Wareno. Kasuku wa kijivu alikuwa katika misitu ya Kongo kabla ya hapo, na hakuna aliyemsubirisha. Watafiti waliowarekodi kasuku wa porini nchini Zaire, kazi yao ikachapishwa mwaka 1993, waliwasikia wakiiga sauti za ndege wengine na hata za popo. Hakuna aliyewapaka chochote. Kuiga ni kazi ya ubongo wao. Kasuku ni miongoni mwa viumbe wachache duniani wanaojifunza sauti kwa kusikiliza, na anajifunza ili akubalike katika kundi. Ukimweka sebuleni peke yake, kundi lake ni wewe, shangazi, watoto, televisheni na mwadhini wa msikiti wa jirani.

Sasa mbona wako watu wanaoapa kwamba walitoa pilipili na ndege akasema? Nawaamini. Kasuku wengi wa kijivu hutoa neno la kwanza linaloeleweka wakikaribia mwaka mmoja au baada ya hapo. Mtu anasubiri miezi, anachoka, anaanza pilipili, na ndege anafikia umri wake wa kusema. Sifa inakwenda kwa pilipili. Tena kuna hili: mtu anayetoa dawa hukaa nayo. Kila asubuhi anachuchumaa mbele ya tundu, uso kwa uso, anasema, “Kula Kasuku, kula baba, sema Kasuku, sema.” Huyo ndiye mwalimu, naye anadhani mwalimu ni kile alichoshika mkononi. Na mwisho, pilipili mbichi ina malighafi nyingi ya vitamini A, na kasuku wa mjini anayelishwa alizeti mwaka mzima ana njaa ya vitamini hiyo. Akiipata huchangamka. Kwa hiyo, ndiyo, mpe pilipili mbichi kama mboga. Ni mboga nzuri. Usimpe achari, ina chumvi ya kumdhuru. Usimpe ya unga, vumbi lake linaingia kwenye mapafu ambayo ni dhaifu kuliko unavyodhani. Na usimpe iliyoota ukungu.

Laiti mambo yangeishia kwenye pilipili nisingepandisha sauti hivi. Pilipili ikishindwa, anaitwa mtu wa kukwangua ulimi kwa sarafu, au wa kukata kile anachokiita uzi chini ya ulimi. Najua fikra hii ilikotoka. Ni jamaa ya ile inayompeleka mtoto mwenye kikohozi akakatwe kimeo kwa wembe. Ulimi wa kasuku ni mnene, una misuli, una mfupa ndani yake na mishipa mingi ya damu. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 400 hivi, na damu yake yote ni kama mililita 40, yaani vijiko vinane vya chai. Nimeletewa mmoja ndani ya boksi la viatu, gazeti alilolalia limelowa na kugandamana, kifua kimepakwa wekundu, macho nusu yamefumba. Aliyemleta aliniambia fundi alimhakikishia kwamba damu kidogo ni kawaida. Ndege yule alipona baada ya siku nyingi za kulishwa uji kwa bomba. Hakusema neno, na sitashangaa akinyamaza maisha yake yote, kwa kuwa kitu cha kwanza alichojifunza kuhusu binadamu ni kwamba mkono wao unashika ulimi.

Anayetaka kujua kasuku hufundishwaje amwangalie Alex. Dokta Irene Pepperberg alimnunua mwaka 1977 katika duka la wanyama huko Chicago, akafanya naye kazi hadi alipokufa mwaka 2007. Alex alitaja vitu zaidi ya hamsini, rangi saba na maumbo matano. Mbinu ya Pepperberg ilikuwa mazungumzo. Watu wawili walikaa mbele ya ndege, mmoja akamwuliza mwenziwe hiki nini, mwenziwe akajibu, akakabidhiwa kitu chenyewe. Kasuku akaona wivu, akataka zamu yake. Akisema funguo, anapewa funguo. Nyumbani huhitaji maabara. Mkimpa ndizi, mtu na mtu waitaje ndizi kabla, kwa furaha, kila mara vilevile. Redio iliyoachwa ikilia siku nzima haimfundishi kitu, inamchosha.

Neno furaha nililiweka pale kwa makusudi, kwa sababu ndilo jibu la swali la pili ninaloletewa: mbona anatukana? Kasuku hachagui neno kwa maana yake. Anachagua lililotoka na moto. Salamu yako ya asubuhi unaitoa kwa uvivu, lakini tusi la kumtukana dereva wa bodaboda unalitoa kwa moyo wote, mara moja tu, na hilo moja linatosha. Mwaka 2020 hifadhi moja ya Lincolnshire, Uingereza, ilibidi iwatenganishe kasuku watano wa kijivu. Walikuwa wamewekwa pamoja, wakafundishana matusi, na kila mmoja akitukana wengine wanacheka. Wageni nao wakacheka, na shule ikaendelea. Kwa hiyo ukicheka umemlipa. Ukigomba umemlipa pia, pengine zaidi. Akitukana, geuka uondoke bila neno. Akisema Salaam alaykum, mjibu kama anavyojibiwa mgeni wa maana.

Utundu wake mwingine unaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Anaangusha kijiko ili wewe uinuke ukiokote, maana hapo ndipo anakuona unakuja. Anapiga hodi ili watu wakimbilie mlangoni. Aliletwa kwangu kasuku mmoja ambaye familia ilikuwa imekwisha kumnunulia antibiotiki dukani bila kumwuliza mtu, kwa sababu “anakohoa vibaya sana, hasa alfajiri”. Nilimpima kifua, kinyesi, pua, nikakuta safi. Nikakaa kimya nikasubiri. Akakohoa kikohozi kirefu cha makohozi, akavuta pumzi, akasafisha koo, kisha kwa sauti nzito ya kiume akasema, “Ee Mola wangu.” Mke na watoto wote wakamgeukia baba. Nilimwandikia baba barua aende hospitali akapigwe picha ya kifua, na kasuku nikamrudisha nyumbani bila dawa.

Yaliyobaki nayasema mbio mbio, maana nafasi imekwisha na nyote mnayo masikio. Alizeti iwe kionjo tu, mlo wake uwe karoti, boga, mchicha, papai, sukuma wiki, nafaka zilizochemshwa, mahindi mabichi. Kasuku wa kijivu huishiwa kalsiamu upesi kuliko wengi, akaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa, kwa hiyo mtoe nje apate jua la asubuhi, kivuli kiwepo, na umwekee kalsiamu anayoweza kuguguna. Parachichi ni sumu kwake. Chokoleti ni sumu. Vikaango visivyogandisha chakula vikiungua motoni, mvuke wake unamuua kwa dakika chache, hata kama yuko chumba cha pili. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuwasha na ya kupuliza, zote mbali naye. Hili la chetezo najua litanipatia maadui, lakini mapafu ya ndege hayajui Ijumaa. Tundu liwe na upana wa kutosha kukunjua mabawa yote mawili, na vijiti vya unene tofauti. Mpe vitu vya kuharibu, vifuu, mbao laini, maboksi, la sivyo ataharibu vyako. Alale gizani kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Akianza kujinyonyoa manyoya, daktari kwanza, kisha jiulize anakaa peke yake saa ngapi. Mboni zikipanuka na kusinyaa haraka huku manyoya ya shingo yamesimama, ondoa kidole. Ukipata homa na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari wako kwamba unafuga kasuku, kwani kuna bakteria aitwaye Chlamydia psittaci anayehama kutoka kwa ndege kwenda kwa mtu, na asipoambiwa hatamtafuta.

Kabla ya kununua, kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Kenya ni KWS, Tanzania ni TAWA, Uganda ni UWA. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu alipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Yule anayeuzwa kwa siri sokoni, kavuka mpaka ndani ya kikapu, ana wenzake waliokufa njiani. Aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hata 60, basi uwe na mtu ambaye atamrithi na anayekubali kumrithi.

Na kwa wanaoniuliza watajuaje kama ni dume au jike: kwa kasuku wa kijivu macho hayatoshi, ni kipimo cha vinasaba vya damu au manyoya. Kama hukupima, ukamwita Juma miaka minane, na leo Juma ametaga yai ndani ya tundu, hajarogwa. Mwache akae nalo mpaka alichoke. Ila akiwa amejikunyata chini, anajikamua, mkia unapanda na kushuka na yai halitoki, huyo mlete siku hiyo hiyo, usingoje kesho.