Mafundi fremu roho juu wakisubiri matokeo ya mtihani

MTU mwenye duka lake la fremu za picha, aliyekata mbao na vioo kwa miaka ishirini na mwenye wateja wasiokwenda kwingine, hatarajiwi kukosa usingizi kwa sababu ya mtihani. Lakini nchini Marekani ndivyo inavyotokea. Baada ya kufanya mtihani wa kuthibitishwa kitaalamu, mafundi watu wazima, wengine wenye wajukuu, huhesabu siku na kuchungulia barua zao mithili ya watoto waliomaliza darasa la saba.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba hakuna sheria inayowalazimisha. Fundi fremu hufungua duka siku anayotaka, bila leseni ya ufundi. Mtihani ni wa hiari, ada hutoka mfukoni mwa mtahiniwa, na wateja wengi hawajui hata kwamba upo. Hofu hiyo basi inatoka wapi?

Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1986 na PPFA, chama cha kitaalamu cha mafundi fremu wa Marekani. Anayefaulu huandika herufi CPF baada ya jina lake, yaani fundi fremu aliyethibitishwa. Kwa miaka mingi umekuwa mtihani wa maswali 150 ya kuchagua jibu sahihi, yanayogusa hesabu, ubandikaji wa picha, uunganishaji wa fremu, vioo na uhifadhi wa kazi za sanaa. Juu yake iko ngazi ya MCPF, inayopimwa kwa kazi za mikono, lakini haifikiwi ila kwa kupita ya kwanza.

Hesabu zake si ngumu, ila zina mitego. Chukua picha ya inchi 16 kwa 20. Fundi anataka kuizungushia kadi, ile kadi ngumu inayokatwa dirisha katikati na kukaa baina ya picha na kioo, yenye upana wa inchi tatu kila upande. Ili picha isichomoke dirishani, kadi hulalia ukingo wake kwa robo inchi. Je, kioo kikatwe ukubwa gani?

Dirisha litakuwa inchi 15.5 kwa 19.5. Ukiongeza inchi tatu huku na tatu kule, kioo kitakuwa inchi 21.5 kwa 25.5. Dukani, mbele ya picha halisi, fundi hupima kwa rula na hakosei. Kwenye karatasi, saa ikikimbia, huweza kusahau kwamba picha ina pande mbili, akapata 18.5 kwa 22.5. Watunga mitihani huyajua makosa ya namna hiyo, na aghalabu huyaweka miongoni mwa majibu ya kuchagua. Mtahiniwa huliona jibu lake limo, akaridhika, akaendelea. Usiku wa manane, wiki moja baadaye, ndipo hukumbuka.

Hata hivyo, hesabu si kiini cha wasiwasi. Kiini ni uhifadhi, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya fremu inapotofautiana na useremala wa kawaida. Kiti kibovu hujulikana siku ya kwanza kinapokaliwa. Fremu mbovu huweza kupendeza ukutani kwa miaka kumi huku ikiiua picha iliyomo.

Mauaji hayo hufanyika polepole. Kadi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa massa ya mti hutoa asidi kadiri inavyozeeka, na asidi hiyo huhamia kwenye karatasi ya picha. Baada ya miaka, mstari wa rangi ya kahawia hujitokeza ukilifuata dirisha la kadi. Selotepu iliyotumiwa kushikilia picha kwa nyuma hukauka na kuachia, lakini gundi yake hubaki imezama ndani ya karatasi na kuacha doa gumu kuondoa. Picha iliyogusana na kioo hunasa unyevu, ikashikamana nacho au ikaota ukungu. Nao mwanga hupausha rangi, na kilichopauka hakirudi. Ndiyo maana majumba mengi ya makumbusho huweka kazi za karatasi katika mwanga hafifu wa takriban lux 50 tu.

Wamarekani wenyewe wanao mfano ambao hawawezi kuusahau. Azimio lao la Uhuru la mwaka 1776 lilitundikwa mkabala na dirisha katika jengo la Ofisi ya Hataza jijini Washington, kuanzia 1841 hadi 1876. Miaka 35 ya mwanga, juu ya kushikwashikwa kwa muda mrefu, iliuacha wino wake umefifia kiasi kwamba sehemu kubwa haisomeki kwa urahisi. Mwaka 1951 waraka huo ulifungwa ndani ya kioo chenye gesi ya heliamu, na mwaka 2003 ukahamishiwa kwenye kasha jipya lenye fremu ya titani na gesi ya argoni. Teknolojia yote hiyo inalinda kilichobaki, haikurudisha wino uliopotea.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayorudiwa sana katika masomo ya mafundi hawa ni kwamba lolote linalofanyiwa picha liweze kutenduliwa bila kuidhuru. Badala ya selotepu, hutumika vipande vya karatasi ya Kijapani vinavyobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo hulainika kwa maji. Badala ya kadi ya massa ya mti, hutumika kadi ya nyuzi za pamba isiyo na asidi. Kioo huchaguliwa chenye kuzuia mionzi ya urujuanimno.

Sasa mtu afikirie fundi aliyejifunza kazi kwa baba yake, ambaye naye alitumia selotepu na kadi yoyote iliyokuwa dukani. Anapofungua vitabu vya kujiandaa, hajifunzi mambo mapya tu. Anagundua pia kwamba baadhi ya kazi alizozionea fahari zimekuwa zikiharibu mali za watu: picha za harusi, vyeti vya chuo, michoro ya watoto, vitambaa vilivyotariziwa na bibi aliyekwisha kufariki. Ziko katika nyumba za watu na nyingi hazikumbuki. Swali moja kuhusu gundi katika mtihani humgusa mahali ambapo swali la jiografia halimgusi mwanafunzi.

Kufeli, kwa hiyo, hakumfungii duka. Kunamwambia kwamba bado hajui jambo ambalo wateja wake walidhani analijua, tena bila mteja hata mmoja kulalamika.

Kuhusu kuchelewa kwa majibu, wengi hudhani karatasi zimelala mahali. Ukweli ni kwamba mtihani wa kitaaluma ulioandaliwa vizuri hausahihishwi na kutangazwa papo hapo, hata ukiwa wa kuchagua jibu. Wasimamizi huchunguza kila swali: je, waliofanya vizuri kwa jumla ndio waliolipata, au wao ndio waliolikosa? Swali linalowaangusha walio bora huenda lina majibu mawili yanayokubalika, na huweza kuondolewa katika hesabu ya alama. Kiwango cha kufaulu nacho, katika mitihani mingi ya aina hii, hupangwa kwa maoni ya wataalamu kuhusu kile ambacho fundi anayestahili angelipata. Yote hayo huchukua muda, nayo humwondolea mtahiniwa uwezo wa kujihesabia alama nyumbani.

Subira ya namna hii imechunguzwa kisayansi. Mtaalamu wa saikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, pamoja na wenzake, waliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliokuwa wakisubiri matokeo ya mtihani wa uwakili wa California, ambao hungoja miezi minne. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waligundua kwamba mbinu za kujituliza, kama vile kujilazimisha kuwa na matumaini au kujificha wasiwasi, hazikupunguza mateso ya kusubiri. Waliohangaika zaidi ndio walioyapokea vizuri zaidi matokeo, yawe mabaya au mema.

Utafiti mwingine wa kundi hilohilo, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kinachosaidia ni shughuli inayoizamisha akili yote. Hapo mafundi fremu wana bahati kuliko mawakili, maana kukata kona ya nyuzi 45 bila kuacha mwanya hakumwachii mtu nafasi ya kuwaza barua.

Uingereza nayo ina mtihani wake unaosimamiwa na Fine Art Trade Guild, na anayefaulu hupewa sifa ya GCF. Chama hicho kimepanga pia kazi za fremu katika ngazi tano, kuanzia ya kiwango cha makumbusho hadi ya kiwango cha chini kabisa, ili mteja ajue analipia nini.

Afrika Mashariki hali ni tofauti. Wakenya wana mitihani ya ufundi ya NITA kwa fani kama useremala na uashi, na Tanzania VETA hupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Fundi fremu wa Kariakoo au River Road, kwa kawaida, hupimwa na jicho la mteja tu, na jicho huishia kwenye kioo. Katika miji ya pwani, ambako unyevu na jua havipumziki, picha nyingi za ukoo zimeshikamana na vioo kabla hazijarithiwa mara ya pili.

Mteja anayetaka kujua kilichomo anaweza kumwomba fundi amwonyeshe kazi kabla haijafungwa kwa nyuma. Aangalie picha imeshikiliwa kwa kitu gani, kama kuna nafasi kati yake na kioo, na kama kadi ya nyuma ni boksi lililokatwa dukani. Akikuta selotepu, aombe iondolewe siku hiyohiyo, ikiwa bado inabanduka.