Mzee Aliyeuchora Mlima Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mzee, mlima na mvua.

Mzee huyo aliitwa Paul Cézanne. Alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Nje ya mji huo, upande wa mashariki, upo mlima uitwao Sainte-Victoire. Haushindani kwa urefu, maana kilele chake kina mita 1,011 tu. Lakini Cézanne aliuchora mara zipatazo 80, kwa rangi za mafuta na za maji.

Najua mtaniuliza: “Babu, mara zote hizo za nini? Mlima si uko palepale?”

Naam, mlima uko palepale. Kinachohama ni mwanga. Sainte-Victoire ni mlima wa mawe ya chokaa, meupe yenye ukijivu, na jiwe jeupe halina siri: likipigwa na jua la machweo, nalo huona haya likawa waridi. Wingu likipita, hununa ghafla kama mtu aliyekasirishwa. Tena kati ya jicho lako na mlima wa mbali imejaa hewa, na hewa hutawanya mwanga wa buluu. Ndiyo maana milima ya mbali huonekana ya samawati. Cézanne alilijua hilo, akawa anatia buluu kwenye picha zake ili mtazamaji aihisi ile hewa.

Sasa twende mwezi wa Oktoba. Kule mwaka una majira manne, na Oktoba ni wakati wa majani kupukutika. Siku zinafupika, baridi inabisha hodi. Ule ukijani wa majani unavunjika, na umanjano uliokuwa umejificha chini yake unajitokeza. Mashamba ya mizabibu yanageuka manjano, mengine mekundu kama kutu. Hapo ndipo anapoumbuka mchoraji aliyezoea kupaka kila jani kijani bila kulitazama.

Mzee alikuwa akitoka na vifaa vyake, anakaa nje, anatazama kwa muda mrefu, ndipo anagusa brashi. Kutoka hivyo hakukuwa rahisi enzi za nyuma, kwa kuwa rangi za mafuta zilitunzwa kwenye vibofu vya nguruwe, na vilikuwa vikipasuka. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alibuni kichupa laini cha bati cha kukamua, mfano wa kile cha dawa ya meno. Tangu hapo mchoraji aliweza kutia rangi zake mfukoni akaenda zake mlimani.

Septemba 1906, Cézanne alimwandikia mwanawe barua. Alimweleza kwamba pale ukingoni mwa mto angeweza kushughulika miezi mingi bila kuhama, akiinama tu kidogo kulia au kushoto, na bado asiishiwe cha kuchora. Alikuwa na miaka 67, anaumwa, na bado anajifunza kutazama!

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Oktoba, alikuwa nje akichora dhoruba ilipomkuta. Alinyeshewa kwa saa kadhaa. Akarudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa dobi, na wanaume wawili wakambeba hadi kitandani. Kesho yake alfajiri, badala ya kulala, alishuka bustanini kumchora Vallier, mtunza bustani wake. Akarudi hoi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefariki.

Hadithi yangu inaishia hapo, lakini kazi yenu ndiyo inaanza. Kesho asubuhi chukueni penseli na karatasi. Kila mmoja achague kitu kisichohama: mwembe, kichuguu, paa la jirani. Anzeni na umbo kubwa. Majani na matawi yatasubiri. Jioni rudini palepale mkichore tena. Siku ya tatu sogeeni hatua moja kulia, kisha pangeni michoro yenu sakafuni muone kama kweli ni kitu kilekile.

Na mvua ikianza, kusanyeni karatasi mkimbie nyumbani. Kwa hilo msimwige mzee.