Filamu ya Jadotville: Uongozaji Unapouokoa Muswada

Mnamo Septemba 1961, mji wa Likasi nchini Kongo ukiwa bado unaitwa Jadotville, wanajeshi wa Ayalandi zaidi ya 150 waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa hapo siku 5 na jeshi la Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na mamluki. Walijisalimisha wakiwa wameishiwa risasi na maji, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Kisa hicho ndicho kilichozaa The Siege of Jadotville ya mwaka 2016, filamu ndefu ya kwanza ya Richie Smyth, mwongozaji aliyejulikana kwa video za muziki. Muswada wake umepwaya, lakini taharuki yake inashika.

Upungufu wa muswada unaonekana zaidi katika matukio ya maofisini. Tshombe, kiongozi wa Katanga, na Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, huongea kana kwamba wanasomeana taarifa. Kuuawa kwa Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo, kunapitiwa mbio mbio.

Smyth anaziba pengo hilo kwanza kwa kutuonyesha mahali. Kabla ya mapigano tunamfuata kamanda Pat Quinlan akiikagua kambi: uwanja ulio wazi, barabara, upande ambao adui anaweza kutokea. Askari wanachimba mahandaki juani. Hivyo risasi zinapoanza, picha zinaweza kukatwa haraka na mtazamaji asipotee, maana ramani anayo kichwani. Asiyepewa ramani hiyo husikia kelele tu, haogopi.

Kisha kuna suala la nani anajua nini. Alfred Hitchcock alifundisha kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji hushtuka mara moja. Akijua mapema kwamba lipo, hata mazungumzo ya kawaida mezani humtesa. Jadotville bomu lilikuwa kiu na uhaba wa risasi. Katika historia yenyewe, helikopta iliyofanikiwa kutua ilileta maji ndani ya bidoni zilizowahi kubeba mafuta, hayakunyweka. Mtazamaji akishajua akiba inakwisha, kila risasi inayofyatuliwa inamuuma, na hakuna mhusika anayelazimika kulisema hilo.

Lakini uongozaji una kikomo. Kamera hutufanya tumhofie mtu tuliyekwisha kumjua. Wakatanga wa filamu hii wanakuja kama wimbi, wanaanguka, nasi hatujui hata mmoja anaitwa nani wala ametoka nyumba gani. Mji wenyewe wa wachimba shaba haupo kwenye filamu. Picha zilipigwa Afrika Kusini. Hapo hata mwongozaji hodari hana la kufanya, kwa sababu watu hao hawakuandikwa.

Kijana wa Likasi au Lubumbashi anayejifunza kutengeneza filamu aitazame hii mara moja akiwa amezima sauti. Vita ataielewa yote, lakini mikutano hataielewa. Akishaona tofauti hiyo, aanze kuandika kisa hichohicho kwa kuwauliza wazee wa mjini walikuwa wapi siku zile 5.