Picha ni ya nani? Somo kutoka maonyesho ya mpiga picha Reza



Wengi wenu mliohama makwenu, Masisi na Walikale, mmemwona mgeni akishuka garini na kamera shingoni. Anapiga picha, anasema asante, anaondoka. Maswali yanabaki nyuma: picha ile inakwenda wapi? Nani ataitazama? Na sisi tuliopigwa, itatufaa nini? Katika toleo hili tunaeleza maisha na kazi ya mpiga picha mmoja mkongwe wa habari, kwa sababu kazi yake ilipita hapa kwetu Kivu na inatusaidia kujibu.

Reza ni nani?

Jina lake kamili ni Reza Deghati. Alizaliwa mwaka 1952 katika mji wa Tabriz, Iran. Akiwa kijana alifungwa miaka mitatu na kuteswa na utawala wa mfalme wa wakati ule kwa sababu ya picha zake. Mwaka 1981 alilazimika kuikimbia nchi yake, akahamia Ufaransa. Tangu hapo amepiga picha katika nchi nyingi zenye vita, na nyingi zimetoka katika gazeti la National Geographic. Kwa hiyo anapomwelekezea mkimbizi kamera, naye anajua maana ya kufunga mzigo bila kujua siku ya kurudi.

Maonyesho bila mlango

Kwa kawaida maonyesho ya picha hufanyika ndani ya nyumba. Picha za mtu hupangwa ukutani, na watu hupita taratibu wakizitazama ili waijue kazi yake. Reza aliona kwamba nyumba kama hiyo huingiwa na wachache, akazitoa picha zake nje. Mwaka 2003 zilitundikwa kwenye uzio wa bustani ya Luxembourg, mjini Paris. Mwaka 2015 zilibandikwa kwenye ukuta mrefu wa karibu mita 370 kando ya mto Seine, katika mji huohuo. Kila mpita njia aliziona bila kulipa chochote.

Katika maonyesho ya 2015, Reza hakuweka picha zake peke yake. Pembeni yake ziliwekwa picha zilizopigwa na watoto wakimbizi wa Siria, ambao aliwafundisha kazi hiyo katika kambi ya Kawergosk, kaskazini mwa Iraki. Msichana mmoja alipiga picha ya viatu vyake vilivyoganda kwa baridi ya usiku. Mgeni angeweza kukaa kambini wiki nzima asivione viatu vile. Mwenye viatu alijua ndivyo vilivyomchelewesha asubuhi.

Ukuta wa Goma

Lakini kwetu sisi, maonyesho makubwa kuliko yote aliyoshiriki Reza hayakuwa ya Paris. Yalikuwa karibu na Goma.

Julai 1994, karibu watu milioni moja kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zikajaa. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Katika msongamano ule, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Tunajua kwamba kuzitaja kambi zile kunaamsha machungu, maana hapa kwetu vita vilikuwa vimekwisha kuanza Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, na yaliyofuata mnayajua. Hatutaki kufungua vidonda. Lakini mtoto wa miaka mitatu aliyepotea hana upande wa vita.

Mtoto kama huyo utamtafutiaje wazazi? Ukimwuliza jina la mama yake, atasema, "Mama." Kijiji chake hakijui. Na orodha ya majina haimsaidii mzazi asiyejua kusoma. Uso, hata hivyo, kila mzazi anausoma. Ndipo Reza akashirikiana na UNICEF na Msalaba Mwekundu. Watu wa kambini walifundishwa kupiga picha, nyuso za maelfu ya watoto zikapigwa, kisha zikatundikwa wazi ili wazazi wapite na kutazama. Watoto wengi walipatikana kwa njia hiyo.

Ule ukuta ulikuwa maonyesho kamili. Tofauti yake ni kwamba waliokuja kutazama ndio waliokuwa na haja na picha zile.

Kwa nini tunayasema haya leo?

Februari 2025, baada ya vita kufika Goma, kambi kama Bulengo na Lushagala, zilizopokea watu wengi wa Masisi, zilivunjwa kwa siku chache. Mwezi uliofuata vita viliingia Walikale-mjini. Familia zilitawanyika tena njiani na porini. Pale palipokuwa na vibanda vya shitingi, ushahidi mmoja wapo uliobaki ni picha.

Picha inaweza kumrudisha mtoto. Inaweza pia kumhatarisha mama aliyebakwa, au shahidi anayetafutwa na wenye silaha. Na picha ya maiti wa mahali pengine, ikitumwa katika simu na kusemwa ni ya kijiji chetu, inaweza kuwasha moto kati ya majirani kabla ya jua kuzama.

Kwa hiyo tunawashauri haya.

Kwa familia: Mnayo haki ya kumwuliza mpiga picha jina lake, anamfanyia nani kazi, na picha itaonyeshwa wapi. Mnayo haki ya kukataa. Chakula na dawa havipaswi kutegemea kukubali kupigwa picha. Mtoto asipigwe bila mzazi au mlezi wake kujua.

Kwa wanaotafuta jamaa: Nendeni kwa Msalaba Mwekundu. Huduma ya kutafuta ndugu ni ya bure. Msishangae mkiulizwa maswali mengi hata baada ya kuitambua sura ya mtoto. Ni ulinzi, ili asikabidhiwe kwa mtu asiye wake. Na msitangaze jina na mahali alipo mtoto katika simu kwa kila mtu.

Kwa viongozi wa kambi, machifu na wakuu wa vijiji: Picha ya kutisha ikifika, ulizeni kwanza mambo matatu: imepigwa wapi, lini, na nani? Majibu yakikosekana, msiitume mbele. Na mgeni akija na kamera, mwombeni arudishe nakala ya picha kwa waliopigwa. Si kila mgeni ataweza, lakini ombi hilo humkumbusha kwamba anapiga watu wenye majina.

Reza alianza kama kijana aliyefungwa kwa sababu ya picha. Baadaye picha ziliwasaidia watoto kurudi mikononi mwa mama zao, hapa katika udongo wetu mweusi wa volkeno. Kamera ikija kwenu kesho, msiiogope wala msiiabudu. Iulizeni imekuja kwa faida ya nani.