Mitungi yenye Nyuso ya Pwani ya Peru
Pwani ya kaskazini ya Peru ni jangwa. Mkondo baridi wa bahari ya Pasifiki huinyima mvua, hata Dodoma, pamoja na ukame wake, ingeonekana huko kuwa nchi ya neema. Uhai unategemea mito inayoshuka kutoka milima ya Andes. Wamoche, walioishi kwenye mabonde ya mito hiyo kuanzia mwaka 100 hadi 800 hivi baada ya Kristo, walichimba mifereji, wakalima mahindi, maharage na pamba, wakajenga mahekalu kwa matofali mabichi. Magofu ya mawili kati ya hayo, Huaca del Sol na Huaca de la Luna, yapo karibu na mji wa Trujillo.

Maandishi hawakuwa nayo. Waliacha vyombo vya udongo, na vinavyostaajabisha kuliko vyote ni mitungi iliyofinyangwa kwa sura za watu. Wala si sura za kubuni: huyu mashavu yamejaa, yule jicho limepofuka, mwingine anacheka. Karibu wote ni wanaume.

Kama wafinyanzi wa Ugogo, Wamoche hawakutumia gurudumu. Wao walikuwa na kalibu ya vipande viwili. Udongo ulikandamizwa ndani, vipande vikaunganishwa, kisha ukapachikwa mpini wa bomba uliopinda kama upinde, wenye mdomo mmoja mwembamba juu. Kwa hiyo sura moja huweza kukutwa kwenye mitungi kadhaa, ila kila mmoja umepakwa kivyake rangi nyekundu na nyeupe ya maziwa.

Mtafiti wa Marekani, Christopher Donnan, alichunguza mitungi ya namna hii zaidi ya 900. Humo alimtambua mtu mmoja kwa kovu la mdomo wa juu. Huyo alifinyangwa zaidi ya mara 40, tangu akiwa mtoto wa miaka kumi hivi hadi alipopita thelathini. Jina lake halijulikani, lakini makuzi yake yanafuatika hatua kwa hatua, jambo ambalo hata wafalme wengi wa kale hawakulipata.

Mitungi mingi ilifukuliwa na wezi wa makaburi, hivyo haijulikani ilizikwa pamoja na nani. Mkusanyo mkubwa umo katika Makumbusho ya Larco mjini Lima, yaliyoanzishwa mwaka 1926. Ghala lake liko wazi kwa wageni, nao hupita katikati ya rafu zilizojaa vichwa vya udongo.